Baba halali usiku, na kliniki wamesema sukari imefika machoni

*"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 58, tunaishi Tandahimba. Ana sukari huu mwaka wa kumi na moja, anameza vidonge, na presha pia anayo. Mwezi uliopita alipimwa macho akaambiwa sukari imeanza kuharibu mishipa ya ndani ya jicho, arudi baada ya miezi michache. Yeye anasema anaona vizuri tu, ila maandishi ya simu ndiyo yanamsumbua. Shida yetu kubwa ni usingizi. Alilinda ghala la korosho usiku kwa miaka sita, akaacha mwaka jana, lakini mpaka leo usiku anakesha na mchana anasinzia hata katikati ya maongezi. Akilala anakoroma hadi chumba cha pili tunamsikia, na anaamka kukojoa mara nne. Mama anamnunulia Piriton ili alale. Baba mdogo anasema macho yameharibiwa na salfa ya mikorosho. Jirani anasema tumwachie taa iwake usiku kucha, eti giza ni baya kwa macho ya mwenye sukari. Naomba kujua: ni kukosa usingizi kunakomharibia macho, au ni macho yanayomkosesha usingizi? Na tuanzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu lina mambo ambayo watu wengi hawayasemi wakifika kliniki. Wagonjwa wangu wa sukari hunieleza habari za macho. Habari za usingizi huziacha nyumbani. Wewe umeyaleta yote pamoja, na kweli ni ya kuangaliwa pamoja.

Nikujibu kwanza ulichouliza. Njia hii inapitika pande zote mbili: usingizi mbovu unaweza kuzidisha madhara ya sukari machoni, na jicho lililoharibika sana linaweza kuvuruga usingizi. Ila kwa jinsi ulivyonieleza, sidhani kuwa macho ndiyo yanayomkesha baba yako. Ninachokishuku ni ule mkoromo, sukari inayobaki juu usiku, na ile miaka sita ya ghalani. Nitakueleza sababu zangu, lakini tuanze na maneno ya nyumbani, maana nayo yana uzito wake.

Salfa haihusiki. Najua inavyotesa: mikorosho inapotoa maua na watu kutoka na mashine za kupulizia kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kliniki hujaa macho mekundu yanayotoa machozi. Lakini unga ule unakaa juu ya jicho na ndani ya kope. Ukiosha kwa maji safi mengi na kukaa mbali na mashine siku chache, mara nyingi hutulia. Alichokiona mpimaji kwa baba yako kiko nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, ambako vumbi la salfa halifiki. Mweleze baba mdogo kwa upole, kwa sababu anayeamini ni salfa husubiri msimu wa kupulizia uishe ili macho yapone yenyewe, na haya hayaponi kwa kusubiri.

Retina ni utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Nikimtia mgonjwa matone ya kupanua mboni na kumulika ndani, nyuma ya jicho huonekana rangi ya chungwa lililoiva, na mishipa ya damu imetambaa juu yake kama matawi. Kwa mwenye sukari ya miaka mingi naona pia vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano. Hapo ukuta wa mshipa umelegea na kutuna. Pembeni yake huwa kuna madoa ya njano, mfano wa mafuta yanayobaki kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Hayo ni mafuta na protini za damu zilizovuja. Ugonjwa ukiendelea, mishipa mingine huziba, sehemu ya retina ikakosa hewa, nayo ikaita mishipa mipya ije kuiokoa. Mishipa hiyo mipya ni dhaifu, na ndiyo inayokuja kupasuka na kujaza jicho damu.

Haya yote hayaumi. Na mara nyingi huanzia mbali na kile kitovu cha retina tunachosomea, ndiyo maana baba anasema anaona vizuri. Anasema kweli, na retina yake pia inaumwa kweli. Maandishi ya simu ni habari nyingine: kwa umri wa miaka 58 karibu kila mtu anahitaji miwani ya kusomea. Lakini msikimbilie kununua ya stendi. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo hubadilika, na miwani iliyomfaa Jumatatu itamtia ukungu wiki ya pili. Kwanza sukari itulie, ndipo apimwe miwani.

Sasa usingizi. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago, Marekani, walichukua vijana 11 wenye afya, wakawaruhusu kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku sita mfululizo. Walipowapima, miili ya vijana wale ilishindwa kuishughulikia sukari kama kawaida yake. Hawakuwa wagonjwa, na hawakuongezewa hata kijiko cha sukari. Mwili usiolala hutoa homoni za kujihami, na homoni hizo huipinga insulini. Sasa chukua mtu ambaye insulini yake tayari haifanyi kazi vizuri, umnyime usingizi miaka sita. Nasikitika nikiwafikiria walinzi wetu wa maghala, wengi ni watu wazima, wanashika usiku kwa chai ya sukari nyingi na muhogo wa kukaanga, kisha mchana wanalala vipande vipande chini ya bati la moto.

Kuna pia presha. Mtu akilala vizuri, presha yake hushuka usiku na mishipa midogo hupumzika. Asiyelala hakosi usingizi peke yake, hata mishipa yake inakosa mapumziko. Na presha kwa macho ya mwenye sukari si jambo dogo: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa sukari waliodhibitiwa presha vizuri walipunguza hatari ya retina kuharibika zaidi kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo vidonge vya presha vya baba ni dawa ya macho pia, hata kama pakiti haisemi hivyo.

Lakini lililonishtua zaidi katika maelezo yako ni mkoromo. Siku moja nilikuwa napita kwenye benchi la wagonjwa, nikamkuta mzee mmoja amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta, anakoroma kwa nguvu. Ghafla akanyamaza. Watu wakacheka wakidhani ameamka. Nikatazama kifua chake: kinapanda na kushuka kama mtu anayevuta hewa, lakini puani hakuna kitu. Nilihesabu kwenye saa ya ukutani, sekunde ishirini na kitu, ndipo aliposhtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kukoroma bila hata kufumbua macho. Mzee yule alikuwa anakabwa. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye shingo nene, njia ya hewa hufunga kabisa. Hewa ya oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha nusu, presha inaruka, kisha anarudi kulala. Kwa wengine hutokea makumi ya mara kwa usiku mmoja. Asubuhi anaapa kwamba amelala, na mchana anasinzia katikati ya maongezi.

Fikiria sasa retina yenye mishipa iliyoziba na kuvuja, halafu oksijeni inapungua hivyo kila usiku. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wenye sukari ambao pumzi zao hukatika usingizini huwa na madhara makubwa zaidi ya retina kuliko wenzao. Hapa lazima niwe mkweli kwako: kukutwa pamoja si sawa na kusema kimoja kimeleta kingine. Huko Uingereza walijaribu kuwapa wagonjwa ambao kitovu cha retina kimevimba mashine ya kupuliza hewa wakiwa wamelala, wakawafuatilia mwaka mzima, na kuona kwao hakukuwa bora kuliko kwa wale ambao hawakupewa. Kwa hiyo sitakuahidi kwamba mkoromo ukitibiwa macho yatapona. Ninachosema ni kwamba kukabwa usiku kunapandisha presha, kunavuruga sukari na kunamchosha moyo, na hayo yanatosha kabisa kuwa sababu ya kumtibu.

Kuna maswali manane tunayoyatumia kupima hatari hiyo: je, anakoroma kwa nguvu, anachoka mchana, ameonekana akikatika pumzi, ana presha, ni mnene sana, amepita miaka 50, shingo yake imezidi sentimita 40, ni mwanamume? Majibu matano ya ndiyo yanamweka mtu kwenye hatari kubwa. Baba yako, kwa hayo machache uliyoandika, tayari anayo matano. Azimeni futi ya fundi cherehani mpime shingo, na mama, kwa kuwa ndiye anayelala naye, amsikilize usiku mmoja au mbili: mkoromo ukikatika, ahesabu polepole mpaka pumzi irudi. Mkiweza kumrekodi kwa simu, bora zaidi.

Kwa sababu hiyo naomba Piriton isimame. Ni dawa ya mzio, na usingizi wake ni madhara tu. Kwa mwanamume wa umri wake inaweza kubana mkojo kama tezi dume imeanza kukua, na kwa wenye presha ya jicho ya aina fulani inaweza kuwaletea balaa. Asubuhi inamwacha na kichwa kizito. Vidonge halisi vya usingizi ni vibaya zaidi kwa mtu anayekabwa, kwa sababu vinalegeza koo na kuufanya ubongo uchelewe kushtuka. Mama amefanya kwa mapenzi, msimlaumu. Afadhali huo muda atumie kumshonea mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, ndani mtiwe soksi iliyoviringishwa iwe ngumu kama mpira. Akigeukia chali itamsumbua na atarudi kulala ubavu, na wengi hukabwa kidogo wakilala ubavu. Kupunguza uzito nako kunasaidia koo na sukari kwa pamoja, ila ni kazi ya miezi.

Upande wa pili wa swali lako, macho kuharibu usingizi, ni jambo ambalo hata sayansi imelijua juzi juzi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa ndani ya retina kuna seli chache ambazo kazi yake kubwa si kuona. Zinapima tu kama kuna mwanga au giza, kisha zinapeleka habari kwenye saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Saa hiyo ndiyo inayoamuru melatonini, homoni ya usiku, itoke giza linapoingia na ikatike kunapokucha. Sukari ikiiharibu retina vibaya, seli hizi nazo huumia, na mtu anaweza kupoteza hesabu ya mchana na usiku. Mtoto wa jicho mzito naye hupunguza mwanga unaoingia. Kwa baba, ambaye ameambiwa ndiyo kwanza inaanza, sitarajii kuwa amefika huko. Saa yake ilipotoshwa na lindo: kwa miaka sita aliiambia kwamba usiku ni mchana, na imemsikia.

Saa hiyo hurekebishwa kwa mwanga wa asubuhi. Kama baba huswali alfajiri kisha hurudi kulala na dirisha limefungwa, hapo ndipo pa kubadilisha. Jua likishatoka atoke, anywe chai barazani au atembee hadi shambani, nusu saa au zaidi, kila siku. Kofia anaweza kuvaa, jua lenyewe asilitazame. Mchana akizidiwa alale kabla ya saa tisa, tena nusu saa tu, mumwamshe hata akinuna. Inachukua wiki kadhaa.

Na taa ya jirani? Jirani hakulitoa hewani. Ni kweli retina hutumia oksijeni zaidi gizani kuliko kwenye mwanga, na wataalamu waliwahi kufikiri kwamba mwanga hafifu usiku ungeipunguzia kazi retina ya mwenye sukari. Walitengeneza kinyago chenye mwanga, wagonjwa wa Uingereza wakalala nacho kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2018: hakikusaidia. Wakati huo huo taa ya chumbani inaidanganya ile saa ya mwili. Izimeni. Acheni taa ndogo tu njia ya kwenda chooni, chini karibu na sakafu, ili asijikwae.

Kuhusu kukojoa mara nne: sukari ikizidi kwenye damu, figo huitoa pamoja na maji, na maji hayo ni usingizi wake unaomwagika. Kukabwa usiku nako huongeza mkojo, na tezi dume ipo kwenye orodha. Msimnyime maji mchana kwa ajili hiyo. Pimeni sukari kabla ya kulala na asubuhi kabla hajala, siku tano, muandike. Na usiku mmoja mpimeni saa nane au saa tisa. Kama kati ya vidonge vyake kuna glibenklamidi, sukari inaweza kushuka akiwa usingizini: atatoka jasho, ataota ndoto za kutisha, ataamka na kichwa kinagonga. Ikiwa chini ya 4 kwenye mashine yenu, mpeni maji ya sukari hapo hapo, na kesho yake mwende kliniki dozi iangaliwe. Msiipunguze wenyewe.

Nirudi machoni, maana ndiko kwenye tarehe isiyosubiri. "Miezi michache" haitoshi; ulizeni ni tarehe gani na muiandike kwenye kadi. Hata mwenye retina safi hupimwa kila mwaka, na iliyokwisha kuanza kuvuja hupimwa mapema zaidi. Nawajua ndugu zangu wa korosho: minada ikianza mwezi wa kumi, kila miadi inasogezwa mpaka malipo yatoke. Safari hii isisogezwe. Kama Tandahimba hawana uwezo wa kuangalia retina kwa kupanua mboni, nendeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Mtwara mjini, mkaulize siku za kliniki ya macho. Ikionekana anahitaji leza au sindano ya ndani ya jicho, na haipatikani mlipo, ombeni rufaa, pengine itakuwa Muhimbili au CCBRT. Najua nauli, na najua gharama za kukaa Dar. Najua pia watu wanavyosema leza inapofusha. Leza huchoma sehemu ya pembeni ya retina kwa makusudi ili ile ya katikati ibaki, na inaweza kupunguza kuona kwa gizani. Haimrudishii mtu alichokwisha kupoteza. Waliopofuka baada ya leza, wengi waliifikia wakiwa wamechelewa sana.

Akiona ghafla vidudu vyeusi vingi vinaelea, au kama moshi au utando wa buibui mbele ya jicho, au pazia linashuka upande mmoja, au jicho moja limezimika, msisubiri tarehe. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Na kama anaendesha pikipiki, mpaka kusinzia kwa mchana kupungue, apakiwe.

Siku ya kliniki nenda naye wewe au mama. Bebeni zile namba za sukari, idadi ya mara anazoamka, kipimo cha shingo, vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, na ile sauti ya mkoromo kwenye simu. Kwa daktari wa sukari semeni waziwazi: "anakoroma, tumesikia pumzi inakatika, mchana anasinzia." Matone ya kupanua mboni yatamfanya aone ukungu na mwanga umchome kwa saa kadhaa, kwa hiyo aje na kofia pana, na msimpangie kazi yoyote jioni ile.